Tumetengeneza filamu ya kuwakejeli mastaa wa mtandaoni, watu wanauliza gauni bei gani

"Shikamoo mwalimu. Mi ni binti wa miaka 24 niko Nyakato hapa Mwanza. Mimi na wenzangu wanne tunatengeneza filamu fupi ya dakika 25 ya kuwakejeli hawa dada zetu wa Insta na TikTok wanaoishi maisha ya kuazima. Mhusika wetu anaitwa Shani, anakaa Mabatini chumba kimoja na mdogo wake ila mtandaoni anakaa Capri Point kwa matajiri, anapiga picha kwenye mageti ya watu. Tukarusha kipande cha sekunde 40 TikTok kuwaonjesha watu, kikaenda sana, kimeangaliwa mara 86,000, ila komenti karibu zote ni gauni bei gani, hapo hoteli gani, dada nipe koneksheni. Hakuna aliyecheka. Binti aliyeigiza Shani amepata wafuasi 4,000 na ameanza kuposti kama Shani kweli. Mwenzangu anasema ndo mafanikio hayo niache kulalamika. Halafu kuna dada maarufu hapa mjini amepita live anasema tumemuiga yeye na atatushtaki. Silali, nashika simu usiku kucha. Tumekosea wapi? Tuweke mafunzo mwishoni? Tufute? Na niangalie filamu gani za namna hii nijifunze?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikanyamaza maana hilo jambo limeshanikuta. 2016 nilitengeneza na vijana wangu kafilamu ka dakika 18 ka kumkejeli yule mtu wa kugawa misaada mbele ya kamera, unga kilo mbili, kamera tatu. Tukampa na msemo wake, kila akimkabidhi bibi mfuko anamwambia "pokea, tabasamu". Tukaionyesha kwenye ukumbi mmoja Kirumba, watu wakapiga makofi, mi nikaenda kulala najiona nimeitikisa jamii. Wiki tatu baadae niko kwenye foleni Nyakato, mbele yangu bodaboda, kwenye mudgadi imeandikwa POKEA TABASAMU kwa rangi nyekundu na nyota mbili pembeni. Nikamuuliza jamaa hayo maneno umeyatoa wapi, akanambia kuna mzee mmoja kwenye filamu, noma sana yule mzee, ana roho nzuri. Ana roho nzuri! Mzee niliyemuandika miezi minne nikimchukia.

Kwahiyo nakuelewa vizuri tu. Na kitu cha kwanza nataka ukitoe kichwani ni kwamba kipande chenu kimefeli. Hakijafeli, kimefanya kazi vizuri mno, tatizo kimefanya kazi ya Shani badala ya kufanya kazi yenu. Shani anataka nini kwenye hadithi? Anataka watu waamini anakaa Capri Point na waulize gauni bei gani. Wameamini na wameuliza. Mhusika wenu ameshinda na nyie waandishi ndo mmeshindwa, ndo maana unaumwa wakati mwenzako anasherehekea.

Wengi tuliolelewa na vichekesho tunadhani kumkejeli mtu ni kumuiga halafu unaongeza chumvi, aongee kwa pua, avae miwani mikubwa kuliko uso, basi watu watajua tunamcheka. Kwenye vichekesho hiyo inakubali maana mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba yule ni wa kuchekwa. Ila hawa watu wa mitandaoni wenyewe chumvi wameshaimwaga yote, utaongeza nini? Staa mwenyewe anaongea kwa pua, miwani mwenyewe anayo, mlango wa gari anafunguliwa na chawa wake wawili huku wa tatu anarekodi. Ukimuiga huyo hata ukizidisha mara tano, mtu anayepitisha kidole kwenye simu hana namna ya kujua wewe unakejeli, anaona binti mzuri na gauni zuri na ziwa nyuma, analaiki anasogea.

Hapa ndo penye kiini chenyewe naomba unisikilize polepole. Picha haina kejeli ndani yake. Ukilipiga picha gauni jekundu kwa moyo wa kusifia na ukalipiga kwa moyo wa dhihaka, gauni ni lile lile, wekundu ule ule, mwanga wa saa kumi na moja jioni pale ziwani ni ule ule na unampendeza kila mtu. Kamera inatamanisha, ndo kazi yake, haijui kununa. Kejeli inakaa kati ya shoti na shoti, pale unapoona kitu halafu unaona kilichogharimu. Mkiuonyesha upande mmoja tu mmetengeneza tangazo, na kibaya zaidi ni tangazo la bure. We ni mtu wa ziwani, utanielewa nikikwambia mmerusha chambo bila ndoano, samaki wamekula wakashiba, na wameshukuru kwenye komenti.

Uone wenzetu walivyofanya kwenye kitu kidogo kabisa. Kuna filamu ya 2022 inaitwa Triangle of Sadness, ya msweden Ruben Östlund, ilichukua tuzo kubwa ya Cannes ile Palme d'Or. Ndani yake kuna mwanamitindo anaitwa Yaya, amepewa safari ya bure kwenye meli ya matajiri kwa sababu ana wafuasi. Yaya anakaa na sahani ya pasta, anainua uma, anafungua mdomo, mpenzi wake anampiga picha, moja, nyingine, nyingine. Halafu anashusha uma. Hali. Hana mpango wa kula. Basi, hakuna muziki wa kuchekesha, hakuna mtu anasema "angalia huyu muongo", kamera imebaki tu pale sekunde kadhaa baada ya picha kupigwa, na hizo sekunde kadhaa ndo filamu yenyewe. Kwenye ile series ya Black Mirror kuna episodi ya 2016 inaitwa Nosedive, dada anaitwa Lacie anamega biskuti kidogo anaiweka pembeni ya kikombe ipendeze, anapiga picha, anaposti, halafu anaonja kahawa na uso unamkunjamana. Ni utani ule ule, sekunde baada ya picha.

Sasa hiyo ilete hapa kwetu, maana hatuna meli ya matajiri ila sato tunaye. Shani na rafiki zake wawili wameingia sehemu nzuri, pesa imetosha sato mmoja mzima. Shani anapigwa picha nae kwanza, uma juu. Wanakula upande mmoja. Wa pili nae anataka picha yake, wanamgeuza sato upande ambao haujaliwa, wanasogeza limao kuficha mkia, wanampiga. Wa tatu sasa anataka na yeye na sato amebaki mgongo na kichwa, binti anaomba kachumbari ya kuongezea aufunike mgongo, mhudumu amesimama na bili mkononi anaangalia. Hiyo inachukua dakika moja, haina neno hata moja la kufundisha, na nakuhakikishia hakuna mtu atakuuliza sato bei gani. Nimekupa bure hiyo, itumie.

Umeuliza filamu za kujifunzia. Ziko nyingi na nyingine ni za kupoteza bando, nakutajia zile ambazo kila moja ina dawa ya shida yako, na nitamwaga mwisho wake kwa hiyo nisamehe. Ya kwanza ni Ingrid Goes West ya 2017, ameongoza Matt Spicer, anaigiza Aubrey Plaza. Ingrid ni binti mpweke, mama yake amefariki, anachukua urithi anahamia Los Angeles kumfuata dada mmoja wa Instagram ambaye hamjui, anabadilisha nywele zifanane nae, mpaka anamuiba mbwa wake ili amrudishe apate urafiki. Unaweza ukadhani filamu inamcheka Ingrid kichaa. Ila mwisho, akiwa hana hela wala rafiki hata umeme umekatwa, anajirekodi video ya kuaga na anajaribu kujiua. Anaokolewa, anaamka hospitali, anaambiwa video imetrend, watu dunia nzima wanaandika kwamba na wao ni Ingrid. Na Ingrid anatabasamu. Filamu inaisha hapo hapo kwenye tabasamu. Mtu aliyeponea chupuchupu amepewa ile ile sumu kwa kipimo kikubwa zaidi na wote tuliokaa tumeona ni upendo. Mi pale nilizima kompyuta nikakaa.

Ya pili ni ya zamani hasa, The King of Comedy ya Martin Scorsese, 1982, Robert De Niro anacheza mtu anaitwa Rupert Pupkin anayetaka umaarufu wa TV mpaka anamteka mtangazaji ili apewe nafasi ya kuchekesha usiku mmoja. Anafungwa, anatoka, anauza kitabu, anakuwa staa, na hatuambiwi kama ni kweli au anaota. Instagram imezaliwa 2010, hesabu mwenyewe. Nakutajia hii kwa sababu naona kwenye barua yako kama vile ugonjwa umeletwa na TikTok. TikTok imeleta mlango tu, watu walikuwa wamepanga foleni tangu zamani.

Tena hata Usukumani kwetu hili si geni, wala usiende mbali. Wagika na Wagalu walishindana vipi? Makundi mawili ya ngoma yanacheza siku moja uwanja mmoja, huku na huku, na anayeshinda ni yule mwenye umati mkubwa. Hakuna jaji wa kushika karatasi, umati ndo jaji, watu wakihama kutoka kwako kwenda kwa mwenzako umekwisha. Ndo maana wengine wakaleta chatu, wengine nungunungu, na wengine walitafuta samba, dawa ya mvuto watu wasiondoke. Nenda Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma, utaiona mpaka leo, angalia wachezaji halafu geuka uangalie watu wanavyohama. Hiyo ni algorithimu tupu, ina vumbi tu. Sijui kwanini vijana wa Mwanza wakiandika hadithi ya umaarufu wanaenda kuazima geti la Capri Point wakati wana kitu kama hicho mlangoni.

Na ukiushika huo mfano wa ngoma utaona kosa la pili la kipande chenu. Kamera yenu inamuangalia Shani tu. Umati uko wapi? Kejeli ya umaarufu ikimpiga mmoja aliyesimama katikati, inakuwa ni kumcheka binti maskini kwa kuwa maskini, na hiyo watu wanaihisi hata kama hawawezi kuisema, kwahiyo wanamtetea, wanakuwa upande wake, na wako sahihi. Anakaa chumba kimoja Mabatini na mdogo wake, anapanda mawe na ndoo ya maji kichwani, halafu nyie mnamcheka kwa kuazima gauni? Nani hajaazima gauni? Hawa mabinti wengi unaowaona live wanauza wigi, wanauza dagaa wa kukaanga, mtandao ndo fremu yao ya duka, na kodi ya ile fremu ni uso wao. Mwenye duka la wigi anamlipa wigi. Mwenye mgahawa anamlipa chipsi. Wigi halilipi kodi ya nyumba, chipsi hazilipi ada ya mdogo wake, ila yeye anatakiwa aonekane tajiri ili aendelee kulipwa wigi. Hapo ndo pa kukejeli! Mpige mwenye duka, mpige yule shabiki wa komenti anayeandika "nakupenda dada" leo na kesho anaandika "umefulia", nipige na mimi mtazamaji ninayeangalia saa saba usiku.

Wanorwei wana filamu inaitwa kwa kiingereza Sick of Myself, 2022, ya Kristoffer Borgli, kuna binti Signe ana wivu mpenzi wake amekuwa msanii maarufu, basi anaagiza vidonge vya hatari kutoka Urusi ambavyo anajua vitamharibu ngozi, anavimeza makusudi ili augue aonewe huruma. Ni ngumu kuangalia, usiangalie wakati wa kula. Ninachotaka uone ni kwamba kila mtu anayemzunguka Signe anafaidika kidogo na ugonjwa wake, mpaka wakala wa mitindo anayetaka sura yake ili kampuni ionekane ina utu. Hakuna msafi mle ndani. Na Not Okay ya Quinn Shephard, 2022 pia, binti Danni anadanganya yuko Paris kumbe yuko chumbani anaunganisha picha kwa kompyuta, likatokea shambulio la bomu kule Paris na yeye akajifanya amenusurika. Hii ina ujanja mmoja mzuri sana kwako: wamemuweka binti mwingine, Rowan, aliyenusurika kweli shambulio la bunduki shuleni, anamuamini Danni kama dada yake. Kila uongo wa Danni unatua kwa Rowan. Danni hajapewa mwisho wa kusamehewa, anamsikiliza Rowan akisema yake jukwaani halafu anaondoka bila neno. Shani wenu ana mdogo wake mle chumbani, mmeniambia mara moja tu na hamjamtaja tena. Huyo mtoto ndo Rowan wenu. Anafanya nini wakati dada yake anajirekodi? Amefukuzwa nje kwa sababu anaonekana kwenye fremu? Amekaa kwenye jiwe na daftari anasubiri aambiwe rudi?

Ziko zinazopotea njia pia. Spree ya 2020, dereva wa teksi za mtandaoni anaua abiria akirusha live ili apate watazamaji, komenti zinashuka pembeni ya skrini muda wote. Komenti ndo kitu kizuri kuliko vyote mle, zile za "feki hiyo" na "boring" huku mtu anakufa. Ila kijana anayeigiza ni mtanashati na mchangamfu mpaka nusu ya filamu unajikuta unamfurahia, na mi sidhani waliweza kulitibu hilo. Iangalie kama onyo.

Kuhusu mafunzo mwishoni. Hapana. Najua tumezoea, filamu inaisha yanatokea maandishi "tuishi maisha yetu" na kinanda cha huzuni. Haifanyi kazi kwa sababu mbili, ya kwanza waliokuja kwa gauni hawafiki mwisho, ya pili kipande kikikatwa na watu wakakisambaza yale maandishi yanabaki nyuma. Na kitakatwa, usifikiri kuna namna ya kuzuia. Sisi Mwanza tunajua picha ikisafiri bila mazingira yake inakuwaje, kumbuka Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, ile dokumentari ya sangara, yale mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa, yanayoanikwa yalizunguka dunia nzima na ubishi ukawa mkubwa mpaka Rais Kikwete akaikosoa hadharani 2006. Ubishi wenyewe siuamui hapa, nakukumbusha tu kwamba picha ilifika Ulaya na maelezo yalibaki Kirumba. Kwahiyo ndoano iwe ndani ya kila sini, kila sekunde 40 utakayoikata iwe na gauni na iwe na bei ya gauni humo humo. Mfano Shani geti la watu Capri Point, anapozi, na bodaboda aliyemleta anasikika nyuma "dada twende basi nna abiria mwingine". Lebo ya duka imechomoza kwapani maana gauni linarudi Makoroboi kabla saa kumi na mbili. Mlinzi anatoka na ufagio. Msikate, mwacheni akimbie na viatu mkononi.

Mwenzako anayesema ni mafanikio simlaumu, ana nusu ya hoja. Kuangaliwa mara 86,000 si kitu cha kudharau na kazi nzuri nyingi zimekufa hazina mtu wa kuziangalia. Ila hao waliokuja ni wateja wa gauni. Siku mnawaletea dakika 25 za sato na ndoo ya maji wataona mmewazingua, wataondoka na watatukana wakiondoka. Mwambie hivo, kwa upole.

Tufute? Kama ni mimi sifuti. Ukifuta sasa hivi na yule dada ameshasema, itaonekana mmekiri kitu, na kipande kimeshashushwa na watu kwenye simu zao hakiondoki. Pia sitaandika komenti ya kujieleza ati jamani ilikuwa kejeli, utani unaoelezwa umeshakufa na utachekwa wewe. Ningetengeneza kipande cha pili, gauni lile lile, mahali pale pale, dakika ile ile, ila kamera imewekwa upande wa pili, tuwaone boda na mlinzi na mdogo mtu ameshika pochi. Bila maelezo. Gharama yake ni siku moja ya kupiga. Hasara yake sikufichi, kitaangaliwa kidogo sana kuliko cha kwanza na itakuuma.

Sasa huyo dada maarufu. Hapa mi si wakili, nakwambia ninachojua kama mtu wa skripti. Wape skripti watu watano wasiojuana, mmoja wa Buhongwa, mmoja wa Igoma, popote, waulize huyu Shani ni nani. Wakitaja watu watano tofauti mko salama kiasi, mmejumlisha tabia za wengi. Wote wakimtaja yeye basi mmemuandika yeye, hata kama hamkukusudia, badilisheni msemo, nywele, rangi ya gari, na hasa kile kisa ambacho mjini kinajulikana ni chake peke yake. Halafu angalia timu yako inaandika nini kwenye komenti. Filamu ni hadithi ya kubuni, ila mmoja wenu akiingia chini ya posti yake na kumtania kwa jina lake hiyo si filamu tena, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vya taarifa za uongo na vya kusumbua watu mtandaoni. Acheni kabisa kumjibu live. Tafuta mtu mzima anayeheshimika pande zote mbili, nendeni mkamuone, mkaongee mmekaa. Ikija barua ya wakili au wito wa polisi, hapo usije kwangu wala usiulize mtandaoni, tafuta wakili siku hiyo hiyo, na kama hela hakuna wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambulika kwa sheria ya 2017, ulizia ofisi ya kata au halmashauri.

Halafu kibali. Hujasema kama mnacho na nina wasiwasi hamna. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 ndo inawapa Bodi ya Filamu mamlaka, na filamu fupi ni filamu. Nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako akuelekeze, Capri Point na Mabatini ziko Nyamagana, mkipiga Kirumba mko Ilemela, waulize kabla hamjapiga sini nyingine. Na mageti ya watu ombeni, hata kwa mlinzi tu.

Kinachonitisha kuliko mashtaka ni huyo binti anayeigiza. Wafuasi 4,000 kwa mpigo si mchezo kwa mtu ambaye hakujiandaa. Wanaomuandikia inboksi wanamuandikia Shani, wanamuahidi Shani, ila atakayeenda kukutana nao ni yeye mwenyewe. Usimgombeze wala usimwambie ameharibu filamu. Kaa nae, mfungulieni Shani akaunti yake ambayo mnaishika timu nzima, ya kwake ibaki ya kwake na jina lake. Muulize kama kuna anayemfuata, anayejua anapokaa, anayemtaka pesa au picha. Akisema yupo, msilimalize kwenye grupu la WhatsApp, nendeni nae Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mtu mzima wa nyumbani kwao ajue.

Na wewe. Umeandika hulali, umeipitisha kama kitu kidogo katikati ya mambo ya filamu. Unaandika hadithi ya mtu anayehesabu macho ya watu usiku kucha na wewe mwenyewe unahesabu usiku kucha, unaiona hiyo? Siisemi kukucheka, ndo namna kazi hizi zinavyotukamata. Simu ilale chumba kingine kwa wiki moja, mpe mwenzako huyo huyo anayefurahia namba awe ndo anaziangalia. Wiki ikipita usingizi haujarudi, au ukaanza kuona heri usingekuwepo, usisubiri filamu iishe, nenda hospitali, Bugando wana watu wa afya ya akili, unaingia unasema silali.

Skripti nataka kuiona. Ichape kwenye karatasi, usinitumie kwenye simu, na uje na mwenzako na binti wa Shani wote watatu. Na sini ya sato mkiipiga nunueni wawili mwaloni asubuhi mapema, wa kwanza lazima mtamkosea.